Baiskeli ya umeme: uliza kwanza mota imekaa wapi

Wapenzi wasikilizaji, na ninyi mnaoyasoma mazungumzo haya gazetini kwa kuwa saa ya redio iliwakuta shambani au duarani, leo nina deni la kulipa.

Miezi minne iliyopita nilizungumzia vyombo vya umeme vya magurudumu mawili. Nilipiga hesabu hewani, nikaonyesha jinsi fedha zetu zinavyoishia kwenye petroli, nikamaliza kwa kusema kwamba mwenye uwezo na anunue. Hesabu ile ilikuwa sahihi, na hadi leo ni sahihi. Lakini sikusema hata neno moja juu ya mota yenyewe, wala jinsi nguvu yake inavyofika kwenye gurudumu. Na mmoja wa walionisikiliza siku ile ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi kwetu Nyarugusu.

Nyarugusu ninayoitaja ni ile ya Wilaya ya Geita, kwenye dhahabu, wala si ile ya Kasulu mkoani Kigoma yenye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1996. Kwetu ni maduara, makarasha na vumbi. Mpwa wangu kazi yake ni kuhamisha mawe. Anachukua viroba vya mawe ya dhahabu kutoka maduarani na kuvipeleka kwenye makarasha, yanakosagwa kabla ya kwenda mwaloni kuoshwa. Alikuwa akiendesha pikipiki ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni. Baada ya kipindi changu, dada yangu alikopa shilingi laki tisa katika kikoba chao cha akina mama, kwa jina lake mwenyewe, kijana akaongeza akiba yake, na kwa shilingi milioni moja na laki nane wakanunua baiskeli ya umeme katika duka moja la mjini. Ubavuni imeandikwa wati 500. Nyeusi, nzuri, taa yake kama ya gari.

Siku ya nane ikagoma. Alikuwa amebeba viroba viwili, kila kimoja kilo 50, anapanda kilima kifupi kilicho kabla ya karasha. Akasikia sauti ya kusaga, kisha mota ikawa inalia ndani ya gurudumu, na gurudumu lenyewe haliendi. Kesho yake alfajiri akanipigia simu. "Mwangaluka, mjomba. Ile kitu uliyoisema redioni imekufa." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Mimi si fundi. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, na mota ya mwisho niliyoifungua kwa mikono yangu ilikuwa ya feni. Hivyo niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi, nikakaa siku tatu chini ya mwembe pamoja na fundi mmoja wa pikipiki wa pale senta, ambaye alilifungua gurudumu lile juu ya gunia safi kama mtu anayechinja kuku wa wageni. Haya ninayowaeleza nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyahakikisha katika vitabu vya kazi hiyo.

Wazo lenyewe si jipya kama wauzaji wanavyotaka tuamini. Mmarekani mmoja, Ogden Bolton, alipata hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma mnamo Desemba 1895. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ikatoa baiskeli ambayo mota yake humsaidia mkanyagaji kadiri anavyokanyaga. Baadaye China ikazitengeneza kwa mamilioni. Kilichobadilika ni betri. Mota ni ile ile ya siku zote: sumaku, nyaya za shaba, na kisanduku kinachogawa umeme, ambacho mafundi wetu wanakiita kontrola.

Sasa tufike penyewe. Mota ya baiskeli hukaa mahali pawili. Ama inakaa kwenye kitovu cha gurudumu, ama inakaa katikati ya baiskeli, pale pedali zinapofungwa. Ya kitovuni nayo ni ya aina mbili, na hapo ndipo mpwa wangu alipopotea, kwani kwa nje zinafanana kama ndugu.

Ya kwanza haina gia ndani. Sumaku zimebandikwa kwenye duara la nje, nyaya zimetulia kwenye ekseli, na umeme ukipita, gurudumu lote linageuka. Utaitambua kwa upana wake, mfano wa sahani kubwa, na kwa uzito wake, kwani kilo 5 au 6 si ajabu. Haina cha kuisha isipokuwa beringi. Ubaya wake unajitokeza mlimani. Mota hii inapenda mbio. Ukiipa mzigo mzito na mwendo mdogo, inavuta umeme mwingi, lakini sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto badala ya mwendo. Ni kama mtu anayesukuma lori lililokwama: jasho linamtoka, lori liko pale pale. Ukiendelea kuilazimisha, nyaya zinaungua.

Ya pili ni ndogo, saizi ya kopo la maziwa ya unga, na ndiyo iliyokuwa kwenye baiskeli ya mpwa wangu. Ndani yake kuna mota inayozunguka kwa kasi sana, na gia tatu ndogo zinazoipunguza kasi hiyo kama mara tano kabla ya kuifikisha kwenye gurudumu. Kwa sababu ya gia hizo inapanda mlima vizuri kuliko ndugu yake mkubwa, ni nyepesi, na ina friweli ndani, hivyo betri ikiisha unaweza kukanyaga bila kuvutwa nyuma. Lakini mara nyingi gia zenyewe ni za nailoni. Nailoni haipigi kelele, nayo inamtosha mtu mmoja na mkoba wake. Fundi alipofungua, meno ya gia zote tatu yalikuwa yamelainika, mengine yameng'oka kabisa, na unga mweupe umejaa ndani kama sembe iliyomwagika. Mota yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni yale meno, kwa mzigo ambao hayakuumbiwa.

Je, mzigo ulizidi kiasi gani? Tupige hesabu, maana namba hazina upendeleo. Baiskeli kilo 30, kijana kilo 70, mawe kilo 100. Jumla kilo 200. Kwenye barabara tambarare ya kifusi, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, uzito huo unataka kama wati 160. Mtu mwenye afya akikanyaga kwa saa nzima hutoa wati 75 hadi 100, kwa hiyo hapo mota inafanya kazi ndogo tu. Barabara ikiinuka mita 6 katika kila mita 100, mwendo ule ule unataka karibu wati 650. Kilima cha karasha kile nilikipanda kwa miguu, na sidhani kwamba kinapungua hapo. Aidha, wauzaji wengine huandika ubavuni nguvu ya kilele, ambayo mota inaimudu kwa dakika chache tu, wala si nguvu inayoweza kuitoa kutwa nzima. Uliza zote mbili. Muuzaji asiyejua tofauti yake, msikilize kwa tahadhari.

Mota ya katikati ni habari nyingine. Hii haisukumi gurudumu moja kwa moja. Inasukuma mnyororo, na mnyororo unapita kwenye gia za nyuma. Maana yake ni kwamba gia zinazoisaidia miguu yako zinaisaidia na mota. Ukifika mlimani unaweka gia nyepesi, mota inaendelea kuzunguka kwa kasi inayoipenda, na baiskeli inapanda polepole bila kuunguza kitu. Mwendesha bodaboda yeyote wa kwetu ameshaijua elimu hii bila darasa: akitaka kubeba mzigo anafunga sproketi kubwa nyuma, anapoteza mbio, anapata nguvu. Ni yale yale. Kwa mantiki hiyo, mota ya katikati iliyofungwa kwenye baiskeli ya gia moja haina maana sana, isipokuwa umechagua sproketi kwa hesabu ya mlima wenu.

Gharama yake inalipwa na mnyororo. Mnyororo wa baiskeli umetengenezwa kwa nguvu ya miguu. Mota ya wati 750 inaukamua mara nyingi zaidi. Halafu kuna vumbi letu. Mawe yanayosagwa kwenye makarasha hutoa unga mgumu kuliko chuma cha mnyororo, na unga huo ukikutana na oili unakuwa msasa. Anayetumia mota ya katikati karibu na karasha hana budi kufuta mnyororo kwa kitambaa kila jioni, apake oili kidogo, afute tena ile iliyobaki nje. Oili ya kumwaga kama tuonavyo kwenye Phoenix zetu inaharakisha maziko.

Nimeitaja Phoenix, na najua swali linalokuja, kwa sababu nimeulizwa njia nzima: je, mtu anaweza kuchukua baiskeli ya marehemu baba akaifunga mota? Usukumani kila nyumba ina baiskeli ya marehemu. Yetu ni Phoenix ya China, fremu ya chuma, na imebeba pamba, mgonjwa, bibi harusi na jeneza. Fremu ile inafaa. Lakini uma wake wa nyuma ni mwembamba kuliko ekseli za mota nyingi za nyuma, na kuupanua kwa nguvu kunataka fundi anayejua. Pili, mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli yake inataka kujizungusha nyuma. Nati peke yake zikilegea, ekseli inatafuna uma na kung'oa nyaya. Hapana budi pawe na kipande cha chuma cha kuishika, kilichofungwa kwenye fremu. Tatu, na hili ndilo kubwa, ni breki. Zile breki za fito zinazobana rimu kwa chini zilikuwa dhaifu hata kwa mwendo wa miguu. Zikilowa mvua ni mapambo. Kumpa mtu mwendo wa kilomita 30 kwa saa na breki za fito ni kumwandalia safari ya hospitali. Asiyeweza kubadili breki asifunge mota.

Naam, betri. Nitaieleza kwa namna ambayo sikuieleza mara ya kwanza. Usiangalie volti peke yake wala ampea peke yake, zidisha. Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 ina wati-saa 720. Baiskeli ya mtu mmoja kwenye barabara nzuri hula kama wati-saa 12 kwa kilomita. Yenye mzigo kwenye kifusi inaweza kula 20 au zaidi. Kwa hiyo betri ile ile itampeleka mwalimu kilomita 60, na mchuuzi wa nyanya kama 36, ambazo mimi ningezihesabu 30, maana betri haitakiwi kukamuliwa hadi tone la mwisho. Betri za risasi na asidi ni rahisi dukani, lakini seti ya volti 48 inaweza kufika kilo 26, ukiimaliza kila siku inakufa mapema, na kilo zile unazibeba mlimani kila safari. Za lithiamu ni ghali na nyepesi. Na katika hizo za lithiamu ipo aina yenye chuma na fosfeti, nzito kidogo kuliko wenzake, lakini inayostahimili kuchajiwa mara 2,000 hivi na haishiki moto upesi. Kwa mabanda yetu ya turubai, mimi ningechagua hiyo, na nisingeichaji chini ya kitanda. Betri iliyotoka juani ikiwa ya moto iachwe ipoe kwanza ndipo ichajiwe.

Nilisema hesabu yangu ya mwanzo bado ni sahihi. Niirudie, kisha niongeze nilichokisahau. Pikipiki ya petroli ikila lita 2.2 kwa kilomita 100, na tuseme lita ni shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 6,600. Pikipiki ya umeme kwa safari hiyo hula kama yuniti 4, na kwa kuwa chaja nayo inapoteza kidogo, tuseme 4.6. Mimi mara ya mwisho nilipoingiza LUKU, yuniti moja ilinitoka kama shilingi 356. Hiyo ni shilingi 1,640 hivi. Baiskeli ya umeme ni chini ya hapo mara tatu. Basi nani asingenunua?

Nilichosahau ni kwamba maduara mengi hayana nguzo ya umeme. Yana jenereta. Jenereta ndogo ya petroli hula kama lita 0.7 kutoa yuniti moja, na mbovu hula zaidi. Zidisha kwa 4.6: zaidi ya lita 3. Yaani umenunua chombo cha umeme ili kuikimbia petroli, halafu unateketeza petroli nyingi kuliko mwenye pikipiki ya kawaida, na kelele juu. Mpwa wangu alichaji mara tatu kwenye jenereta ya duarani na kulipia shilingi 2,000 kila mara. Kwa asiye na nguzo, sola ndiyo njia. Paneli ya wati 300 kwa jua letu hutoa zaidi ya yuniti moja kwa siku, inayotosha baiskeli moja, haitoshi pikipiki ya kazi.

Kuna waliolitatua jambo hili kwa namna nyingine. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwapa waendesha pikipiki za abiria betri za kubadilishana: unafika kituoni, unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaondoka. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa katika jiji hilo hazina budi kuwa za umeme. Wenzetu wamefaulu kwa kuwa mwendeshaji hanunui betri, ambayo ndiyo mzigo mkubwa wa bei, na vituo viko jirani. Na huko Jinja, Uganda, shirika la FABIO limesambaza baiskeli ya umeme iitwayo AfricroozE, iliyokusudiwa tangu mwanzo kubeba mzigo. Kwetu hapa mnunuzi bado yuko peke yake: betri yake, chaja yake, na fundi wake akipatikana.

Sasa nikiulizwa, kwa Nyarugusu nitajibu hivi. Mawe usiyabebe kwa baiskeli ya umeme ya aina yoyote. Mawe yanataka pikipiki au guta, na kama ni ya umeme, iwe na mota inayosukuma mnyororo kwa sproketi kubwa, isiwe ya kitovuni. Muuguzi, mwalimu, mchuuzi wa mzigo usiozidi kilo 40, hao mota ndogo ya gia kitovuni inawafaa sana, mradi gia za akiba zinapatikana. Waulize kabla hawajatoa fedha. Ile kubwa isiyo na gia ningempa mtu wa Shinyanga mjini, kwenye tambarare, ambako baiskeli za kukodi zimebeba watu miaka mingi hadi zikaitwa daladala.

Na unapoendesha, anza kwa miguu. Kanyaga pedali mbili tatu ndipo uiite mota, kwani hapo inapoanza kutoka kusimama ndipo inapovuta umeme mwingi na kuyabana meno. Kabla ya kilima badili gia mapema, ukiwa umeiachia mota kidogo. Ukifika juu shuka, gusa kitovu kwa mkono. Kikikuchoma, kaa kivulini. Usiizamishe mtoni kuiosha kama ng'ombe. Maji yakiingia kwenye viungio vya nyaya, kontrola inakufa bila kuaga. Tena piga kengele. Chombo hiki hakina mlio, na watoto wanaotoka shule wamezoea kuisikia hatari kabla ya kuiona.

Gia za mpwa wangu ziliagizwa Dar es Salaam, zikachukua wiki tatu. Gharama nililipa nusu. Nilitaka kulipa yote, dada akakataa, akasema kwamba redio haikumshika mtu mkono. Baiskeli inatembea tena: sasa inabeba kreti moja ya nyanya na dagaa wa dada kwenda gulioni, na inachajiwa nyumbani kwenye LUKU. Kijana amerudi kwenye pikipiki ya watu kubeba mawe. Rejesho la kikoba ni Ijumaa, na kwa hesabu ya dada, nyanya zitalitoa lote isipokuwa shilingi 15,000, ambazo nimekwisha kuzituma kwa simu.